Elimu Ikishafika, Udhuru Huondoka

 

Mwaka jana nilikuwa katika kamati ya daawa ya bweni letu, na kazi yangu mojawapo ilikuwa kugonga milango wakati wa alfajiri. Mwenzangu tuliyekaa chumba kimoja, kijana ambaye kwa kawaida aliamka kabla yangu, alianza kubaki kitandani. Ilianza kwa swala ya alfajiri, ikafuata mihadhara ya asubuhi, mwisho hata chakula cha mchana. Hakulia wala hakulalamika. Kila nilipomwamsha alijibu kwamba amechoka.

Nilimwambia niliyoyajua. Nilimwambia kwamba imani hupanda na kushuka, na kwamba yake imeshuka. Azidishe nyiradi za asubuhi na jioni, asome Qur'ani, asubiri, kwa kuwa muumini husubiri. Nikamwachia kijitabu cha dua mezani. Alinishukuru. Wiki tatu baadaye alifunga mizigo akarudi kwao, na mitihani ya muhula ule hakuifanya.

Tulipozungumza miezi kadhaa baadaye, akiwa ameshapata matibabu, hakunilaumu. Alisema tu, "Ndugu yangu, uliniambia mengi mazuri. Ila hukuniuliza nina nini."

Nasoma masomo ya Kiislamu, sisomi udaktari. Kwa hiyo swali ninalolileta hapa ni la fiqhi na la maadili. Tuna wajibu gani kwa mwenzetu ambaye moyo wake umeugua? Na je, wajibu huo unaweza kukua kwa sababu mtafiti fulani, ambaye wengi wetu hatujapata hata kumwona, amegundua jambo?

Huzuni si upungufu wa imani

Tuanze kwa kuondoa kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya. Ugonjwa ninaouzungumzia unaitwa sonona, na wengine huuita mfadhaiko. Si huzuni ya siku moja. Ni hali inayomkaa mtu kwa majuma au miezi, ikamwondolea usingizi au ikamlaza mchana kutwa, ikampokonya hamu ya chakula, ya kazi na ya watu, na wakati mwingine ikamfanya aone kifo ni nafuu. Mtu wa namna hiyo akiacha kuja msikitini, sisi tunaona swala aliyoiacha. Kilichomshika hatukioni.

Nabii Yaaqub (a.s.) alimhuzunikia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe. Waliomlaumu kwa kuendelea kumkumbuka mwanawe walikuwa watu wa nyumbani kwake. Mola wake hakumlaumu. Bibi Maryam (a.s.), uchungu wa uzazi ulipomshika penye shina la mtende, alitamani angekuwa amekwisha kufa kabla ya siku ile. Tutazame alijibiwa nini. Hakuambiwa kwamba imani yake imepungua. Alielekezwa kwenye kijito cha maji chini yake, akaelekezwa kwenye tende mbivu juu yake, akaambiwa ale, anywe, atulizane. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi tangu utotoni, na sikuwahi kuiona kuwa ni somo la namna ya kumkabili aliyezidiwa.

Wanazuoni wetu hawakuwa wageni wa jambo hili. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na ya nafsi. Humo alitenganisha huzuni ambayo sababu yake inajulikana na huzuni inayomvamia mtu pasipo sababu anayoijua. Imamu al-Ghazali naye alisimulia yaliyomkuta Baghdad mwaka 488 Hijria, alipokuwa mwalimu mashuhuri kuliko wote mjini. Ulimi wake ulifungika asiweze kufundisha, chakula kikamshinda, na matabibu wakasema ugonjwa umeanzia moyoni. Nani kati yetu angemwendea Ghazali akamwambia azidishe imani?

Daktari aliyekwenda kaskazini

Sasa nimtaje mtafiti mwenyewe. Dk. Ethel Nakimuli-Mpungu ni daktari bingwa wa magonjwa ya akili na mwalimu katika Chuo Kikuu cha Makerere, hapa hapa Uganda. Utafiti wake umehusu kwa sehemu kubwa maradhi yanayoharibu hali ya moyo wa mtu. Mengine humshusha mtu, kama sonona. Mengine humpandisha kupita kiasi, akawa halali, anasema bila kukoma, anagawa mali yake na kujiona hana wa kumshinda. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha wagonjwa wa aina hii ya pili wenye virusi vya Ukimwi na wale wasio na virusi hivyo. Baadaye alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani.

Mtaalamu wa kiwango hicho hakosi kazi Kampala, wala ng'ambo. Yeye alielekeza kazi yake kaskazini, katika wilaya za Kitgum, Gulu na Pader. Wasomaji wetu wanaotoka nje ya Uganda wakumbushwe kwamba nchi ya Waacholi ilipita katika vita vya takriban miaka 20, na watu wengi mno waliishi katika kambi za wakimbizi wa ndani. Vita vilipopoa, watu walirudi kwenye mashamba yaliyoota majani, wakiwa na waliowapoteza, na wengi wakiwa na virusi vya Ukimwi. Kutoka Kitgum hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 400. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ni wachache nchini, na wengi wao wako huku kusini. Aliyeugua moyo kijijini hakuwa na wa kumwendea.

Dk. Nakimuli-Mpungu na wenzake hawakusubiri madaktari waongezeke. Walianza kwa kuzungumza na wenyeji ili kujua wanaielewaje huzuni hii na wanadhani nini kingewasaidia. Kutokana na hayo wakatengeneza tiba ya vikundi vya kusaidiana, yenye vikao 8. Wanaume hukaa na wanaume wenzao na wanawake na wanawake wenzao. Kwanza wanafundishwa ugonjwa ni nini. Kisha kila mmoja anapata nafasi ya kusema yake na kusikilizwa. Baadaye wanafundishana namna ya kukabili mawazo mazito, na mwisho wanajifunza njia za kujipatia kipato, kwa sababu umaskini ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Wanaoongoza vikao si madaktari. Ni wahudumu wa kawaida wa afya wa jamii, watu wa vijiji hivyo hivyo, waliopewa mafunzo.

Je, inafaa? Matokeo yalichapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Global Health. Vituo vya afya 30 viligawanywa kwa kura. Watu 1,140 waliokuwa na virusi vya Ukimwi na sonona ya kiasi cha chini na cha kati waliandikishwa. Katika nusu ya vituo, watu 578 walipata tiba ya vikundi niliyoieleza. Katika nusu nyingine, watu 562 walikusanywa pia katika vikundi, lakini wao walifundishwa elimu ya Ukimwi. Miezi 6 baada ya kumaliza, waliokuwa bado na sonona katika kundi la mafunzo ya Ukimwi walikuwa 160, yaani asilimia 28. Katika kundi la kusaidiana walikuwa 2.

Mwaka huo huo shirika la utangazaji la BBC lilimweka katika orodha yake ya wanawake 100. Mimi nilivutwa zaidi na lile kundi la pili. Nao walikusanywa. Nao walipata mwalimu na elimu yenye manufaa, na wengi wao walipata nafuu, kwa hiyo kufundishwa si bure. Lakini zaidi ya robo yao walibaki pale pale walipokuwa. Nilipofika hapo nilikumbuka kijitabu changu cha dua mezani. Nilikuwa nimempa mwenzangu mafunzo, na nikadhani nimemaliza.

Wajibu hufuata uwezo

Hapa ndipo penye swali la fiqhi. Tumefundishwa kwamba Allah haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Maana yake ni kwamba uwezo ukiwa mdogo, wajibu nao ni mdogo. Mbona basi hatuitazami kanuni hii kutoka upande wa pili? Uwezo ukikua, wajibu nao hukua. Fakiri hana hija juu yake. Siku akipata mali ya kumfikisha Makka na ya kuwaachia watu wake, hija imeshakuwa juu yake, hata kama hakuiomba mali hiyo.

Tukumbuke pia fardhi kifaya. Maiti akiwa kijijini, wakitokea wa kumwosha, kumswalia na kumzika, wengine wameondokewa na lawama. Wasipotokea, wote waliokuwa na uwezo wana dhambi. Ghazali huyo huyo aliuhesabu utabibu kuwa ni fardhi kifaya, na akawashangaa wanafunzi wa zama zake waliosongamana kwenye mijadala ya fiqhi hali miji yao haina tabibu Mwislamu. Anayesoma ninachosoma mimi hawezi kulipita neno hilo kwa kichwa cha juu.

Kabla ya kazi kama ya Dk. Nakimuli-Mpungu, tungeweza kusema kwa haki kwamba dawa ya sonona iko kwa daktari bingwa, daktari bingwa yuko mbali, na sisi tuna huruma lakini hatuna la kufanya. Huo ulikuwa udhuru. Ilipothibitika kwamba muuza mboga au mkulima aliyefundishwa anaweza kuketi na wenzake mara 8 wakainuka wakiwa wazima, udhuru huo umepungua sana. Mtafiti hakutunga sheria mpya ya dini. Sheria ni ile ile ya tangu zamani. Alichofanya ni kuonyesha kwamba tunaweza. Na anayeweza anadaiwa.

Hapo ndipo nilipofahamu kosa la neno langu "subiri". Subira ni ibada ya aliyepatwa. Mimi niliye mzima siandikiwi thawabu ya subira kwa maumivu ya mwenzangu. Kwangu mimi kuna swali la msaada. Nilipomwambia asubiri nilikuwa nimechukua wajibu wangu nikamwekea yeye kichwani, juu ya mzigo aliokuwa nao. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli niliuona mwepesi.

Hoja za wanaopinga

Nimelizungumza hili na wenzangu, na wamenipinga kwa hoja nne ambazo si za kupuuzwa.

Ya kwanza ni kwamba kwa hoja yangu, asiyejua yuko salama, basi ni heri kutojua. Jibu ni kwamba kutojua humwokoa asiyekuwa na njia ya kujua. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyezungukwa na maktaba na simu hayumo katika hao. Anayefumba macho ili asidaiwe, kule kufumba kwenyewe ni kitendo chake, na ataulizwa juu yake.

Ya pili ni kwamba kuzungumzia vikao na tiba ni kuishusha daraja Qur'ani na dua. Nauliza: mabedui walipomwuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute matibabu, kama ilivyopokewa na Usama bin Sharik (r.a.) katika Abu Daud na Tirmidhi, aliwajibu nini? Aliwaamrisha wajitibu. Aliyeomba dua kisha akaenda kwa tabibu hakuiacha dua yake mlangoni. Sisemi kijitabu changu kilikuwa kibaya. Nasema kilikwenda peke yake.

Ya tatu ni kwamba sisi si madaktari, tunaweza kudhuru. Hii ni kweli, na tusiichezee. Wahudumu wa Kitgum hawakuwa madaktari, lakini walifundishwa na walikuwa na wa kuwasimamia, na waliowahudumia hawakuwa wale waliozidiwa kabisa. Mwenye nia njema bila mafunzo ni mimi wa mwaka jana. Na anayezungumzia kujiua haalikwi kwenye kikao cha wiki ijayo. Anapelekwa hospitali leo, na njiani haachwi peke yake.

Ya nne aliitoa dada mmoja wa jumuiya yetu, na ndiyo iliyonielemea zaidi. Alisema, "Kaka, mimi nikisema yangu hapa leo, kesho nitayakuta kantini." Sina jibu jepesi. Majlisi ni amana, hilo tunalihubiri, na hatulitendi. Najua tu kwamba huko kaskazini watu walikaa pamoja na jambo ambalo wengi hulificha hata kwa ndugu zao, nalo ni virusi vya Ukimwi, wakasema na wakasikilizwa. Inawezekana pale amana inapolindwa. Sisi tukishindwa kuilinda, tusiite kushindwa huko ukosefu wa wataalamu. Kutunza siri hakuhitaji shahada.

Tuanzie wapi

Kutoka Yumbe hadi Iganga, kutoka Bombo hadi Mbale, Waislamu wana misikiti, madrasa na vikundi vya akina mama ambavyo watu huviendea kwa miguu. Daktari huyu alilazimika kuunda vikundi. Sisi vikundi tunavyo tayari. Tunachokosa ni mafunzo, na tabia ya kuuliza.

Ninapendekeza mambo matatu kwa jumuiya yetu. Tumwombe mshauri wa wanafunzi wa chuo atufundishe, wavulana wachache na wasichana wachache wanaojulikana kwa kutunza siri, ili wajue dalili za sonona na mpaka wa uwezo wao. Pili, katika sanduku letu la sadaka tutenge fungu la nauli na dawa kwa mwenzetu anayehitaji kwenda hospitali, kwa sababu wengi huishia kwenye nauli. Tatu, katika kila halaqa ya Ijumaa, kabla ya darsa, tuwe na muda wa kusikiliza tu, bila mtu kumkatiza mwenzake kwa aya.

Hili la tatu ni gumu kuliko linavyoonekana. Nililijaribu. Mwezi uliopita nilimpigia simu mwenzangu yule, nikamwuliza, "Ulikuwa na nini?" Kisha nikanyamaza. Mara tatu aya ilinifika ulimini, na mara tatu niliimeza. Alisema kwa muda mrefu. Aliniambia mambo ambayo yalikuwa kitanda cha pili kutoka kwangu kwa muhula mzima, na mimi nikiyaamsha kila alfajiri kwa kugonga ukuta. Mwishoni aliniomba nimsomee dua, na hapo nilisoma.

Anarudi chuoni muhula ujao, inshallah. Namwomba Allah awaponye wote walioumizwa na maradhi haya, awalipe kheri wanaowahudumia, na atusamehe sisi tuliojibu kabla ya kuuliza. Wabillahi tawfiq.